Jogoo au Mtetea: Siri ya Juma la Kwanza Ndani ya Yai

Katika mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, wilaya ya Rubavu, kuku si kitoweo tu. Kuku ni akiba inayotembea kwa miguu yake yenyewe. Mji wa Gisenyi umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, ukipakana ana kwa ana na mji wa Goma ulio upande wa Kongo, na mpaka uliopo baina ya miji hiyo huvukwa kwa miguu na maelfu ya watu wanaotafuta riziki. Nyanya, viazi, maharage, maziwa, mayai na kuku hupita katika njia hizo, na wengi wa wanaobeba mizigo hiyo ni wanawake ambao mtaji wao wote waweza kutosha ndani ya kikapu kimoja.

Kwa mfanyabiashara au mfugaji wa namna hiyo, liko swali moja dogo lenye uzito mkubwa. Anaponunua vifaranga wa siku moja, wote wakiwa na manyoya laini na sauti ile ile, ni nani atakayekuwa jogoo na ni nani atakayekuwa mtetea? Mtetea, akitunzwa vyema, huanza kutaga baada ya miezi mitano hivi na huendelea kumlipa mwenyewe kila juma. Jogoo hutoa nyama mara moja, na baada ya hapo hadithi yake imekwisha. Mtu aliyekusudia kuuza mayai, akajikuta amelisha majogoo kwa miezi mitatu, amepoteza pumba, dawa, nafasi na matumaini.

Penye hofu ya hasara hapakosi dhana. Wapo wasemao kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo, na lile la mviringo hutoa mtetea. Wapo wanaoning'iniza sindano kwa uzi juu ya yai na kutazama inavyozunguka. Wapo wanaomlaumu jogoo kwamba damu yake ni dhaifu, na wapo wanaoamini kuwa joto la kuku anayeatamia ndilo linalogeuza mambo. Dhana hizo zote zinapotua sokoni huwa na bei: mtu huchagua mayai kwa umbo, hununua dawa isiyo na kazi, ama huchinja jogoo mzuri asiye na hatia. Kwa hiyo ni vyema kueleza yale ambayo elimu ya viumbe imekwisha kuyathibitisha, kwani maelezo hayo hayahitaji maabara ili yaeleweke.

Jambo la kwanza ni hili: kwa ndege, mama ndiye anayebeba uamuzi. Ndani ya kila seli ya mwili wa kiumbe mna nyuzi ndogo mno zinazohifadhi maagizo ya urithi, nazo huitwa kromosomu. Kwa kuku, kromosomu zinazohusika na jinsia zimepewa majina ya Z na W. Jogoo ana Z mbili. Kuku jike ana Z moja na W moja. Kila mbegu ya jogoo hubeba Z, haina kingine cha kutoa. Lakini yai la mama laweza kubeba Z au W. Likibeba Z, kifaranga atakuwa dume. Likibeba W, atakuwa jike.

Mgawanyo huo hufanyika muda mfupi kabla kiini cha yai hakijaachiliwa kutoka katika ovari, yaani kifuko cha mayai cha mama. Hapo mbegu ya jogoo bado haijakutana na kiini, ute mweupe bado haujaongezwa, na ganda halijaanza kujengwa. Ganda lenyewe huchukua saa zipatazo 20 kutengenezwa ndani ya mrija wa mayai. Basi mtu anayetazama ganda ili ajue jinsia ni sawa na anayetazama rangi ya bahasha ili ajue habari iliyoandikwa ndani ya barua. Barua iliandikwa kwanza. Bahasha ilikuja baadaye.

Yafaa ikumbukwe kwamba kwa binadamu mambo ni kinyume. Kwa watu, mama hutoa kromosomu ya aina moja tu, nayo ni X, na ni mbegu ya baba inayoleta X au Y. Wapo wanaume waliowaacha wake zao, au kuwaongezea mateso, kwa sababu ya kuzaa wasichana watupu. Elimu hii ingefika mapema katika nyumba hizo, ingezuia machozi mengi. Hata hivyo, si mama kuku wala baba mtu anayechagua. Kila mmoja hubeba tu karata ambayo hajaiona.

Na kwa kuwa ni karata, hesabu zake hazina budi kueleweka. Katika maelfu ya vifaranga, nusu watakuwa majike na nusu madume. Lakini katika kundi dogo, nusu kwa nusu haiwi lazima. Mtu anayenunua vifaranga 10 wasiochaguliwa jinsia atapata watano kwa watano takriban mara 1 tu katika kila mara 4. Na takriban mara 1 katika kila mara 6 atajikuta na majogoo 7 au zaidi. Mnunuzi wa Mbugangari aliyepata majogoo 7 huenda hakuibiwa na mtu, wala hakurogwa. Amekutana na bahati mbaya ya kawaida, na dawa yake ni kuipangia mapema.

Hata hivyo, kujua kwamba Z na W zimegawanywa si kumaliza maelezo. Maagizo ni jambo moja na ujenzi ni jambo jingine. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Ndani ya yai, jinsia nayo huundwa, na hapo ndipo homoni zinapoingia kazini.

Homoni ni kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwa kiasi kidogo mno, ikasafiri kwa njia ya damu, na kuziamuru sehemu nyingine za mwili zifanye kazi fulani. Ni kama tarishi anayetoka makao makuu na barua fupi. Si kila nyumba hufungua mlango. Ni zile tu zenye kufuli linalolingana na ufunguo wa tarishi huyo. Yafaa ijulikane kwamba elimu ya homoni yenyewe inamdai kuku shukrani. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, mwanasayansi Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga, akaona kwamba vilemba vyao vilinywea na hawakuwika kama majogoo. Wengine aliwarudishia korodani ndani ya tumbo, mahali pasipokuwa pake, nao wakakua na kuwika kama kawaida. Akatambua kwamba korodani hutoa kitu fulani katika damu. Jina la homoni lilikuja kutumiwa zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 1905.

Sasa na itazamwe safari ya siku 21 za yai. Siku chache baada ya kuku kuanza kuatamia, au baada ya yai kuwekwa katika mashine ya kutotolesha, kiinitete kinachokua ndani ya yai huota vivimbe viwili vidogo karibu na figo. Hivyo ndivyo tezi za uzazi za baadaye. Mpaka kufikia siku ya 5 au ya 6, hata mtaalamu mwenye darubini nzuri hawezi kutofautisha kwa kuzitazama tezi za dume na za jike. Tezi zimekaa njia panda. Zaweza kuwa korodani, na zaweza kuwa ovari.

Ndipo kazi inapoanza. Katika kromosomu Z mna jeni iitwayo DMRT1. Dume ana Z mbili, kwa hiyo ana nakala mbili za jeni hiyo; jike ana moja tu. Nakala mbili zikifanya kazi pamoja, nguvu yake inatosha kuielekeza tezi iwe korodani. Watafiti wa Australia walionyesha jambo hilo mwaka 2009: walipoipunguza nguvu ya jeni hiyo katika viinitete vya kiume, tezi zilianza kuchukua sura ya ovari. Kwa maneno mengine, ndege hatofautishwi na kitu alichonacho mmoja na mwingine hana, bali na kipimo. Ni kama chumvi katika mchuzi, ambapo vijiko viwili huleta ladha isiyoletwa na kijiko kimoja.

Kwa jike, nakala moja haitoshi kuijenga korodani, na njia nyingine hufunguka. Kati ya siku ya 6 na ya 7, tezi zake huanza kutengeneza kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni ya kustaajabisha: huchukua homoni za jamii ya kiume na kuzigeuza ziwe estrojeni, ambayo ni homoni kuu ya kike. Estrojeni hiyo ndiyo inayoiamuru tezi iwe ovari. Dume hana aromatesi ya kutosha katika tezi zake, kwa hiyo estrojeni haipatikani, na ujenzi wa korodani huendelea.

Mwili wa kuku jike una ajabu nyingine ambayo kila mpishi anayepasua kuku amewahi kuiona, hata kama hakuuliza sababu. Ovari huwa moja, nayo iko upande wa kushoto. Mrija wa mayai pia ni mmoja, upande huo huo. Mwanzoni, ndani ya yai, vilikuwapo viwili viwili. Lakini tezi ya kushoto huitikia estrojeni kwa nguvu na kukua, hali ile ya kulia huiitikia kwa udhaifu na kudumaa. Kuhusu mirija, iko homoni nyingine ambayo kazi yake ni kuibomoa. Katika dume, homoni hiyo huifuta mirija yote miwili. Katika jike, estrojeni huulinda mrija wa kushoto, na ule wa kulia huachwa unyauke.

Mfugaji anayelimulika yai kwa tochi gizani siku ya 7, ili aone kama lina uhai, huona mishipa myekundu iliyotanda kama mizizi. Ni vyema ajue kwamba katika saa hizo hizo, nyuma ya mishipa ile, jinsia ya kifaranga inajengwa. Tochi haiwezi kumwonyesha jinsia hiyo, lakini ndiyo sababu ya kutolichezea yai ovyo, kutolipoza na kutolitikisa, maana ndani yake mna kazi isiyorudiwa.

Je, ushahidi kwamba estrojeni ndiyo fundi uko wapi? Mwaka 1935, watafiti katika Marekani na Ufaransa walidunga homoni za kike ndani ya mayai yaliyokuwa yakiatamiwa. Viinitete vya kiume vikaota tezi zenye sura ya ovari upande wa kushoto. Jaribio la kinyume lilifanikiwa mwaka 1992, pale watafiti Elbrecht na Smith walipotia ndani ya mayai dawa inayozuia aromatesi kufanya kazi. Viinitete vya kike, kwa kukosa estrojeni, vilijenga korodani mbili, vikaanguliwa na kukua vikiwa na umbo na tabia ya majogoo, ijapokuwa kila seli katika miili yao ilibeba Z moja na W moja.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba homoni ni kila kitu, na kwamba siku moja itapatikana dawa ya kugeuza kila yai litoe mtetea. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Madume waliogeuzwa kwa estrojeni ndani ya yai hawakuwa mitetea wa kutaga. Wengi, baada ya kuanguliwa, tezi zao zilirudi taratibu kuelekea kuwa korodani, na wengine walibaki na viungo visivyofaa kwa kazi yoyote. Mwaka 2010, watafiti wa Roslin, karibu na Edinburgh huko Uskochi, walitoa habari za kuku watatu wa ajabu, ambao upande mmoja wa mwili ulikuwa na sura ya jogoo na upande wa pili sura ya jike. Damu iliyozunguka pande zote mbili ilikuwa moja, na homoni zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa ndani ya seli zenyewe. Mwaka 2021, taasisi hiyo hiyo ilionyesha kwamba dume aliyebakishiwa nakala moja tu ya DMRT1 huota ovari mahali pa korodani, na bado mwili wake wa nje hukua ukiwa wa jogoo. Funzo ni wazi. Homoni huamua tezi itakuwa nini, lakini seli za ndege nazo zina kumbukumbu yake. Hakuna sindano ya sokoni inayofuta kumbukumbu hiyo.

Na dhana ya joto je? Dhana hiyo haikutoka hewani, kwani wapo viumbe ambao joto ndilo linaloamua jinsia yao. Mayai ya mamba hayana kromosomu za jinsia. Kiwango cha joto cha kiota ndicho kinachoamua. Kasa wa baharini, wanaotaga katika fukwe za Watamu nchini Kenya na kisiwa cha Mafia nchini Tanzania, hutoa majike wengi zaidi mchanga unapokuwa wa moto. Lakini kuku si kasa. Joto la mashine likizidi au kupungua kuliko nyuzi 37 na nusu hivi, mfugaji hatapata majike wengi zaidi. Atapata vifo vingi zaidi.

Liko jambo jingine linalowatia watu hofu, nalo ni kuku jike anayewika. Kinyarwanda kina methali isemayo kwamba kuku jike hawiki mahali alipo jogoo, na methali hiyo imetumiwa kwa muda mrefu kumnyamazisha mwanamke katika baraza. Katika nyumba nyingi, jike akiwika huchinjwa siku hiyo hiyo kwa kuhofia mkosi. Hofu hiyo si ya Afrika pekee. Mwaka 1474, katika mji wa Basel huko Uswisi, jogoo aliyesemekana kutaga yai alishtakiwa mahakamani, akahukumiwa na kuchomwa moto hadharani.

Maelezo yake yamo katika yale yaliyokwisha kusemwa. Jike ana ovari moja tu inayofanya kazi. Ikiharibiwa na ugonjwa au uvimbe, estrojeni hukatika. Kwa kuku, ni estrojeni inayomfanya jike awe na manyoya ya kike. Ikikosekana, manyoya mapya huota ya kijogoo. Zaidi ya hayo, ile tezi ya kulia iliyodumaa tangu ndani ya yai hupata nafasi ya kuamka, na mara nyingi huota ikiwa na sura ya korodani, ikatoa homoni za kiume. Kilemba hukua, na sauti hubadilika. Hapo hapana jini wala mkosi. Pana ndege mgonjwa, ambaye anapaswa kutengwa na kuangaliwa na mganga wa mifugo. Na methali inayosimama juu ya ndege mgonjwa haina haki ya kumfunga mwanamke mdomo.

Jambo zito kuliko yote, hata hivyo, ni kwamba mlango ambao estrojeni huingilia waweza kuingiliwa na wageni. Kuna kemikali za viwandani na za mashambani zenye umbo linalofanana na homoni kiasi cha kuzidanganya seli. Mwaka 1981, watafiti Fry na Toone wa California walionyesha kwamba DDT, ikitiwa ndani ya mayai ya shakwe kwa viwango vilivyolingana na vile vilivyokutwa katika mazingira machafu, huwafanya viinitete wa kiume waote sehemu za ovari na mirija ya mayai. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004, uliifungia DDT isitumike mashambani, ukiiruhusu kwa ajili ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria. Lakini dawa za kuua wadudu ni nyingi, na kuku ni ndege wa kuchakura. Kila anachokiokota shambani, ikiwa ni pamoja na mbegu zilizopakwa dawa, chaweza kufika katika kiini cha yai, kwa sababu kiini ndicho akiba ya chakula ambayo mama humwekea mwanawe. Katika eneo kama la Rubavu, ambako bustani za mboga na mabanda ya kuku hukaa jirani, jambo hilo halifai kupuuzwa. Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Basi ni mwenye kuku anayepaswa kufunzwa mahali pa kumwachia achakure.

Hapa yafaa iondolewe pia lawama isiyo ya haki. Watu wengi husema kuku wa kisasa wa nyama hukua upesi kwa sababu wamedungwa homoni. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1940 na 1950, huko Marekani, majogoo walikuwa wakipandikizwa vidonge vya DES, ambayo ni estrojeni ya kutengenezwa, ili wanenepe. Jambo hilo lilipigwa marufuku kwa kuku mwaka 1959, baada ya mabaki ya dawa hiyo kukutwa katika nyama. Ukuaji wa haraka wa kuku wa leo umetokana na kuchagua wazazi kwa vizazi vingi na lishe iliyopimwa vyema. Homoni za ukuaji ni protini. Zikichanganywa katika chakula, tumbo huzisaga kama linavyosaga maharage. Ambaye angetaka kuzitumia angelazimika kumdunga sindano kila kuku, mara kwa mara, na gharama yake ingekula faida yote. Hatari iliyo kweli, ambayo mnunuzi anapaswa kuiuliza, ni mabaki ya dawa za vijasumu zinazotolewa ovyo bila kungoja muda uliowekwa kabla ya kuchinja.

Duniani kote, suala la jinsia ya kifaranga limekuwa pia suala la dhamiri. Katika viwanda vikubwa vya mayai, vifaranga wa kiume wa jamii ya kutaga hawana faida, na mabilioni yao huuawa kila mwaka siku ile ile wanapoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 2022, na Ufaransa ikafuata nyayo. Hapo homoni ilirudi, safari hii ikiwa shahidi wala si fundi. Iligunduliwa kwamba siku ya 9, katika majimaji yaliyo kando ya kiinitete ndani ya yai, jike huwa ameacha alama ya estrojeni ambayo dume hana. Tundu dogo mno hutobolewa kwa mwali wa leza, tone la majimaji huchukuliwa, nalo hupimwa. Mayai yenye alama huendelea kuatamiwa. Yale mengine hutolewa na kufanywa chakula cha mifugo. Mwaka 2018, mayai ya kwanza ya kuku waliochaguliwa kwa njia hiyo yaliuzwa mjini Berlin. Hakuna aliyemgeuza dume kuwa jike. Walichofanya ni kuisoma barua kabla haijafika.

Mashine hizo ni ghali, na mfugaji wa Mbugangari haingojei. Anazo njia zilizo karibu naye. Jamii nyingi za kuku wa mayai ya kahawia zimezalishwa kwa namna ambayo rangi huonyesha jinsia tangu siku ya kwanza. Baba ana jeni ya rangi ya dhahabu katika Z zake zote mbili, na mama ana jeni ya fedha katika Z yake moja. Binti hupata Z kutoka kwa baba peke yake, kwa hiyo huanguliwa akiwa wa kahawia. Mwana wa kiume hupata pia Z ya mama, na fedha huishinda dhahabu, kwa hiyo huanguliwa akiwa mweupe au wa manjano iliyofifia. Mnunuzi wa jamii hizo anayeuziwa vifaranga weupe kwa bei ya mitetea ana haki ya kuuliza. Kwa jamii zisizo na alama ya rangi, wako mafundi waliojifunza kutambua jinsia kwa kutazama tupu ya kifaranga, ufundi uliovumbuliwa na wanasayansi wa Kijapani katika miaka ya 1920. Mtu asiyefunzwa asijaribu, kwani humuumiza kifaranga.

Na kwa kuku wa kienyeji, ambao ndio wengi, shauri ni kufanya hesabu ya nusu kwa nusu tangu mwanzo. Mwenye kutaka mitetea 10 apange chakula na nafasi ya vifaranga 20 au zaidi, awatambue majogoo kwa vilemba na manyoya wanapofikisha majuma kadhaa, na awauze kwa wakati mzuri badala ya kuwalisha kwa kinyongo. Wanaonunua wakiwa kikundi wana nafuu, maana bahati mbaya ya mmoja hufidiwa na bahati njema ya mwenzake, na kundi kubwa hukaribia nusu kwa nusu kuliko kundi dogo. Mbegu zilizopakwa dawa zisiachwe palipo na kuku. Na mtu anayetembeza chupa akidai kwamba matone yake hugeuza mayai yote yawe mitetea aulizwe swali moja tu: matone hayo yanalifikiaje yai ambalo mama kuku alikwisha kulipa Z au W kabla ganda halijajengwa?

Asiyeweza kulijibu swali hilo anauza maji. Mama wa Mbugangari anayevuka mpaka na kikapu chake alfajiri hana fedha ya kununua maji kwa bei ya dawa. Elimu ya yai ni mali yake kama ilivyo mali ya profesa, na itamfaa zaidi akiipata kabla hajafungua mkoba wake.